Liemba: meli iliyozamishwa ili iokolewe

Dar es Salaam Wajerumani walijenga Kaiserhof, hoteli ya kifahari karibu na bandari, pale ilipo New Africa leo. Jengo lile lilishavunjwa. Huku Kigoma fahari yao waliiweka majini, katika Ziwa Tanganyika, na hiyo bado ipo: Liemba, yenye vyumba vya kulala vya daraja la kwanza na ukumbi wa chakula. Ukiuliza imedumuje zaidi ya karne, utaambiwa Mjerumani hajengi ovyo. Jibu hilo halinitoshi. Wengi wanasifu ilivyojengwa; mimi nasifu zaidi ilivyozamishwa.

Mwaka 1913 kiwanda cha Meyer mjini Papenburg kiliiunda meli, kikaiita Graf von Goetzen kwa heshima ya gavana wa zamani, kisha kikaifungua kipande kwa kipande. Makasha 5,000 yakapakiwa Hamburg, yakashushwa Dar es Salaam, yakaja bara kwa Reli ya Kati, iliyofika Kigoma Februari 1914. Mafundi watatu, akiwemo Anton Rüter, walifuatana na mzigo. Aliyewahi kufungua injini ya pikipiki akabakiwa na skrubu mbili mkononi ataelewa mtihani wao. Kila bati lilipaswa kurudi mahali pake, matundu yake yalingane na ya bati la jirani, ndipo ribiti ipitishwe na kugongwa kichwa. Na ribiti si bolti: ukikosea, hufungui, unakata. Februari 1915 meli ikaingia majini, vita vimeshawaka.

Julai 1916 Wabelgiji walikuwa wanaikaribia Kigoma, na amri ikatoka meli izamishwe. Asiyejali angeilipua, au angeipeleka katikati ya ziwa, ambako kina hufika karibu mita 1,470, na habari yake ingeishia hapo. Mafundi walewale walioiunganisha walifanya kinyume. Walizipaka injini grisi nzito, wakaijaza meli mchanga, na tarehe 26 Julai wakaishusha polepole kwenye maji mafupi, karibu na mdomo wa mto Malagarasi.

Chuma hakishiki kutu kwa maji matupu. Lazima pawepo na hewa iliyoyeyuka ndani yake. Grisi huyazuia yote mawili yasikiguse. Ni ujanja uleule wa mkulima anayelipaka panga mawese kabla ya kulichomeka kwenye paa kungoja msimu. Ziwa nalo lilisaidia, maana maji yake hayana ile chumvi ya bahari inayoharakisha kutu. Mchanga, kwa maoni yangu, ulikuwa wa kuikalisha meli chini itulie, isisukwesukwe na mawimbi.

Wabelgiji waliiinua baada ya vita, ikazama tena. Machi 1924 Waingereza wakaitoa, na walipoisafisha wakakuta injini na maboila bado vinafaa. Mei 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, jina la zamani la ziwa upande wa kusini, ikifuata njia ya Kigoma hadi Mpulungu.

Mvuke uliendelea kuisukuma hadi miaka ya 1970, ndipo ikafungwa injini za dizeli. Mwaka 1997, ilipowarudisha Kongo wakimbizi zaidi ya 75,000, mwili uliowabeba ulikuwa uleule ulioshushwa Malagarasi ukiwa umejaa mchanga.