Maji Yaliyokataa Kuchanganyika

Onyesho la chupa mbili ni la zamani: moja imejaa maji ya moto yenye wino mwekundu, nyingine maji ya barafu yenye wino wa buluu, mdomo wa moja hufunikwa kwa kadi, ikapinduliwa juu ya mwenzake, kisha kadi ikachomolewa. Chupa za jemu, tamosi na beseni vinapatikana sokoni Mwanga, hapa Kigoma, bila kuomba maabara. Kinachostahili uhakiki ni mpangilio, hasa uamuzi wa chupa ipi itangulie kukaa juu.

Mwalimu apendaye kushangiliwa huanza na maji baridi juu. Kadi ikitoka, buluu hushuka, nyekundu hupanda, na kufumba na kufumbua chupa zote ni zambarau. Kwangu mimi, hapo onyesho limeshaharibika, kwa kuwa kilele kimetumika kabla ya swali. Ufundi uko katika kuanza na maji ya moto juu: kadi inachomolewa, na hakuna kinachotokea. Mpaka wa rangi mbili unatikisika kidogo kwa mkono wa mwalimu, kisha unatulia. Lakini utulivu haujisomi wenyewe. Asiyetarajia kitu haoni kitu. Ni ubashiri unaougeuza kuwa tukio: aliyeandika daftarini kwamba rangi zitachanganyika hawezi kuupita mpaka ule bila kuulizana nao. Nasema aliyeandika, maana ubashiri wa kunyoosha mikono humfuata kinara wa darasa. Chupa zikigeuzwa baadaye, mchanganyiko unaujibu utulivu wa kwanza kama utao wa mshororo wa shairi unavyoujibu ukwapi.

Richard White na Richard Gunstone waliueleza mwendo huu mwaka 1992 kwa hatua tatu: tabiri, tazama, eleza. Mwaka 2004 Catherine Crouch, Eric Mazur na wenzao wa Harvard walionyesha kwamba wanafunzi waliotazama tu maonyesho hawakuelewa zaidi ya wasioyaona kabisa, ilhali waliotabiri kwanza walielewa zaidi. Hapa kwetu, mwanafunzi Erasto Mpemba alimuuliza mwanafizikia Denis Osborne swali linalofanana na chupa zetu mbili: vyombo viwili, ujazo sawa, maji ya nyuzi 35 na ya nyuzi 100, kwa nini vikitiwa frijini ya nyuzi 100 hutangulia kuganda? Wenzake walicheka, Osborne akaagiza yapimwe, na makala yao ikatoka 1969. Matokeo bado yanabishaniwa, lakini swali lenyewe limechongwa barabara.

Kigoma, onyesho lina chombo cha tatu nje ya dirisha. Ziwa Tanganyika lina kina kinachofikia mita 1,470. Juu maji huwa karibu nyuzi 26, chini kabisa kama 23. Tofauti ya uzito inayotokana na joto hilo haifikishi kilo moja kwa mita moja ya ujazo, nayo inatosha kuyatenga matabaka, hata vilindini hakuna oksijeni. Mwaka 2003 Catherine O'Reilly na wenzake waliandika kwamba joto linaloongezeka juu limepunguza mchanganyiko, na pamoja nao virutubisho vinavyopanda kulisha mnyororo unaoishia kwa dagaa na migebuka. Mwalimu anaweza kuomba ubashiri mpya papo hapo: upepo wa kusini-mashariki wa Mei hadi Septemba utaufanyaje ule mpaka? Chupa hazina jibu, kwani hazina upepo. Darasa likianza kubishana namna ya kuuingiza, lisikatizwe.