Ficheni jina, lakini msifiche Shituru



Mwenzetu mmoja, muganga kijana, alitutumia kwenye kikundi mwongozo juu ya siri katika rejista za kansa, ule wa mwaka 2004 uliotolewa na IACR, yaani umoja wa rejista za kansa wa dunia, pamoja na IARC ya Lyon, Ufaransa. Chini yake akaandika: "Someni kwanza, kisha mulilie takwimu." Nimesoma. Mimi ni mtu wa agronomie, si wa dawa, kwa hiyo nikikosea mlango mtaniambia. Lakini nina maneno na ile karatasi.

Nianze na haki yake. Mwongozo hausemi kwamba siri ni kufunga kabati na kutupa ufunguo. Unataja makusudi matatu pamoja: mtu aliyeandikwa asijulikane, habari ziwe sahihi kadiri inavyowezekana, na zitumike vizuri kwa faida ya wagonjwa na ya watu wote. Hayo matatu yanavutana, na mwandishi anayakubali yote. Tena unasema marehemu alindwe sawasawa na aliye hai. Hapo nilisimama kidogo. Huku kwetu matanga yakiisha, midomo inafunguka: kumbe alikuwa na hii, kumbe mama yake pia. Na mabinti wake bado hawajaolewa.

Pia unaeleza jambo ambalo wengi wetu tulikuwa hatulielewi: rejista ya kansa haiwezi kufanya kazi bila majina. Chukua mama mmoja wa hapa Likasi. Anapimwa hapa, kipande cha nyama kinapelekwa Lubumbashi, anapasuliwa kule, na kama familia ina makuta anavuka Kasumbalesa kutafuta matibabu Zambia. Bila jina, tarehe ya kuzaliwa na mahali anapokaa, huyo mama mmoja atahesabiwa wagonjwa watatu. Na majina yenyewe munayajua: Ngoy, Ngoie, Ngoyi, kila mwandishi na kalamu yake. Kwa hiyo rejista inaweka majina ndani ili itoe hesabu bila majina nje. Mwenye kusema "andikeni bila majina kabisa" anafikiri analinda wagonjwa, kumbe anaharibu hesabu.

Sasa kasoro. Mwongozo unamuwaza mwizi wa faili. Kiapo cha wafanyakazi, mkubwa mmoja mwenye kuwajibika, njia salama ya kusafirisha karatasi: yote ni mazuri. Lakini siri ya kwetu haivuji kupitia kabati. Inavuja kwenye baraza.

Mama mudogo wangu alipewa jibu lake la kansa ya titi katika kituo ambacho sitakitaja. Aliitwa kwa sauti, jina na ugonjwa pamoja, mbele ya benchi lililojaa watu. Alikuwa anauza sokoni. Wiki ile ile wateja wakaanza kupita mbali na meza yake, ju ya banasema ule ugonjwa unaambukiza. Hauambukizi, lakini utabishana na soko zima? Hakurudi tena kule hospitali. Alisema afazali kufa na wateja kuliko kupona bila wateja. Alikuwa anacheka akisema vile, njo maana sikumchukulia kwa uzito.

Ndiyo sababu siwezi kuwacheka wanaoogopa rejista. Mimi mwenyewe nimevunja siri ya watu, tena nikiwa na nia nzuri. Wakati wa memwari yangu nilikusanya lengalenga na udongo kwenye bustani za watu ili kupima metali. Shefu wa kartiye aliniuliza, "Ile karatasi utaipeleka wapi? Nani ataona majina yetu?" Nikaapa kwamba majina hayatatoka, na kweli nikayafuta: bustani ya 1, bustani ya 2, mpaka mwisho. Kisha, kwa ajili ya usahihi wa kisayansi tuliofundishwa, nikaongeza safu ya maelezo: ukubwa wa bustani, umri wa mwenyewe, mjane au ameolewa, mita ngapi kutoka mtoni. Mtu mmoja wa pale alipoona jedwali aliwataja karibu wote bila kukwama. Jina lilikuwa limetoka, mtu alikuwa bado amekaa mule ndani.

Kumbe jambo hili linajulikana zamani. Katika miaka ya 1990 kule Massachusetts, Marekani, zilitolewa habari za hospitali za wafanyakazi wa serikali bila majina. Latanya Sweeney, wakati ule mwanafunzi, alinunua orodha ya wapiga kura wa mji wa Cambridge kwa dola 20, akalinganisha tarehe ya kuzaliwa, jinsia na namba ya posta, akampata gavana William Weld na ugonjwa wake. Huku kwetu hata hizo dola 20 hazihitajiki. Jirani anatosha.

Kwa hiyo wengine wanasema: basi, tufute na mahali. Tuandike "Haut-Katanga" tu, tumalize. Hapa njo ninapokataa, na hapa njo mwongozo unatuacha njiani. Umeandikwa kana kwamba mahali ni sehemu ya utambulisho wa mtu, kitu cha kupunguza kabla ya kutoa. Kwetu Likasi mahali ndiyo swali lenyewe.

Angalieni Kampala. Mwaka 1958 Denis Burkitt, mpasuaji wa hospitali ya Mulago, aliandika juu ya uvimbe wa taya kwa watoto. Halafu akatuma makaratasi yenye picha kwenye hospitali nyingi za Afrika akiuliza: hii munaiona kwenu? Mwaka 1961 akapanda gari pamoja na wenzake wawili, maili karibu 10,000, hospitali kwa hospitali mpaka kusini. Alichorudi nacho ni ramani. Ugonjwa ulikuwa kwenye joto na unyevu, sehemu za juu zenye baridi haukuwepo. Ramani ile iliwafanya watu wafikirie malaria, na mwaka 1964 vipande vya uvimbe vilivyotoka Kampala vilionyesha, kule London, kirusi ambacho leo kinaitwa Epstein-Barr. Sasa tazama mambo mawili. Sura za watoto wale, ambazo sayansi haikuzihitaji ili kuchora ramani, ziliingia kwenye vitabu vya uganga na kukaa humo. Mahali walipotoka, ambapo palihitajika kabisa, ndipo pangefutwa leo na mtu anayeogopa kesi.

Na sisi tunakaa wapi? Tuna viwanda vya Shituru tangu wakati wa Union Minière, tuna Panda, na kilomita kama 20 hivi kutoka mjini kuna Shinkolobwe, kulikotoka uranium ya bomu la Hiroshima. Mwaka 2009 Profesa Banza Lubaba Nkulu wa UNILU na wenzake wa Leuven walichapisha vipimo vya mkojo wa watu wa Katanga: cobalt waliyoikuta ilikuwa ya juu kuliko yote iliyokuwa imewahi kuripotiwa kwa watu wa kawaida. Mkojo si kansa, najua. Sisemi kiwanda fulani kimeua mtu fulani, sina namba za kusema vile. Lakini sina kwa sababu gani? Nchi isiyo na rejista, IARC inaikadiria kwa viwango vya nchi jirani. Na hata tukihesabu wagonjwa wetu wote vizuri, tutawagawanya kwa watu wangapi, wakati sensa ya mwisho ya nchi ni ya 1984?

Kuna kesi moja ya Illinois, Marekani, ambayo kila anayezungumza siri ya kansa angepaswa kuijua. Mwaka 1997 gazeti la Southern Illinoisan liliomba kwa idara ya afya habari za kansa moja ya mishipa ya fahamu inayoshika watoto: aina, tarehe ya kugunduliwa, namba ya posta. Watu walikuwa na wasiwasi kwamba wagonjwa wamerundikana sehemu moja. Idara ikakataa, na Sweeney yule yule akaonyesha kwamba kwa hizo habari anaweza kutambua wengi wa watoto. Mwaka 2006 mahakama kuu ya jimbo iliamua zitolewe, kwa sababu mtu wa kawaida hana ujuzi wa Sweeney. Mimi naona mahakama ilikuwa na haki kutaka mahali pajulikane, lakini sababu yake ni dhaifu. Katika Kikula au Panda kila mama wa dirishani ni Sweeney.

Basi tutoke vipi? Ule utafiti wa 2009 una fundisho moja ambalo sisi watu wa shamba tunalielewa haraka. Haukuwapanga watu kwa majina ya mitaa. Uliwapanga kwa umbali: chini ya kilomita 3 kutoka mgodi au kiwanda cha kuyeyusha, kati ya 3 na 10, na wengine wa mbali kabisa kusiko na mgodi. Rejista inaweza kufanya vile vile. Anwani inabaki ndani. Mfanyakazi aliyeapa anapima umbali, anaandika duara, kisha anwani haitoki. Miaka mitano inajumlishwa pamoja ili kusiwe na kisanduku chenye mtu mmoja, na kisanduku chenye watu wachache mno kinaachwa wazi. Mtafiti akitaka zaidi, aje yeye ndani, ahesabu mule, atoke na matokeo bila orodha. Hapo Shituru inaonekana na mama wa Shituru haonekani.

Nani ataamua kipi kitoke? Tusimwachie mkubwa mmoja. Ibara ya 31 ya Katiba inalinda maisha ya faragha ya kila mtu, na tangu tarehe 13 Machi 2023 tuna Kodi ya numerike yenye sheria juu ya habari za watu. Lakini sheria hizo mwenye kiwanda pia anaweza kuzishika mkononi na kusema: siri ya wagonjwa, samahani, hatuwezi kutoa. Ndiyo maana kwenye meza ya kuamua nataka pia wagonjwa wenyewe na watu wa kartiye, wenye haki ya kusema hapana na wenye haki ya kudai namba.

Kabla ya kutuma haya nilimwuliza binti wa mama mudogo kama ninaweza kuandika. (Bamama mudogo kwetu ni wengi, musihangaike kuhesabu.) Alikaa kimya, kisha akasema: "Andika, yaya. Lakini usiseme soko gani, wala alikuwa anauza nini. Batajua."