Gunia la kulinganishia lilikuwa na karafuu

Mpemba hafundishwi mizani. Gunia la karafuu hupimwa, uzito wa gunia tupu ukatolewa, ukalipwa kilichobaki. Mtu akikutolea uzito wa gunia lililojaa kama lako, mizani itasoma sifuri, naye atakwambia hukuvuna. Darubini za gamma za H.E.S.S. za Namibia, zikisaka miale ya mata giza, zilifanya karibu na hivyo katika kazi iliyotoka mwaka 2016, na bado watu wanazipigia makofi.

Ukusanyaji ulikuwa safi: saa 254 za kutazama kitovu cha Njia ya Maziwa, ukanda wenye vyanzo vya kawaida vya gamma ukafunikwa. Haya.

Kosa ni gunia la kulinganishia. Walilichota ndani ya uga uleule wa kamera, nyuzi chache tu kutoka kitovuni. Hilo lasimama ikiwa mata giza imechongoka kitovuni, kama walivyotuchorea Navarro, Frenk na White, au kwa umbo la Einasto ambalo H.E.S.S. wenyewe walilitegemea. Miale ya chembe za mata giza kuangamizana hufuata mraba wa msongamano, hivyo ncha hung'aa na pembeni hufifia. Lakini msongamano wa kitovuni ukiwa bapa, eneo la ishara na eneo la kulinganisha hubeba mzigo mmoja. Ukitoa hiki kwa kile, ishara yajifuta yenyewe. Kikomo chao kikali cha kasi ya kuangamizana huko kimezaliwa na umbo lililochaguliwa kabla ya kupima. Dhana waliiandika, sikatai. Waliokipokea kikomo ndio walioiacha njiani.

Watajitetea kwamba uga mmoja huepusha tofauti za anga kati ya usiku na usiku. Kweli. Ila katika kazi iliyotoka mwaka 2015 wao wenyewe walielekeza darubini kitovuni, kisha mbali nacho kabisa, na matokeo yakasimama hata kwa kitovu bapa cha nusukipenyo cha parsek 500. Njia waliijua. Waliipa kama saa 9! Kikomo kikatoka dhaifu kwa makumi ya mara, nacho sisikii kikitajwa.

Najua: huyu na bapa lake tena. Naam, tena. Mwaka 1994 Moore, na kando yake Flores na Primack, walionyesha galaksi kibete zikizunguka kana kwamba hazina ncha. Mwaka 2012 Pontzen na Governato wakaeleza jinsi supanova zinavyorusha gesi kwa vishindo hadi ncha ikalainika. Kwa galaksi yetu ubishi haujaisha.

Na kulinganisha chanzo na anga tupu si jambo jipya: naikumbuka Uhuru, setilaiti iliyorushwa 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, baharini kwa jirani zetu wa Malindi. Ilijizungusha polepole, kama dakika 12 kwa mzunguko: chanzo kinapita, anga tupu inapita, chanzo tena. Ndivyo ilivyogundua kuwa eksirei za kundi la galaksi la Coma zimetandaa, hazitoki nukta moja.

Mwaka 2022 H.E.S.S. wakarudi na saa 546, Kausi, kundinyota lenye kitovu hicho, ikiwapita karibu na utosi. Gunia wakalichota ndani ya uga uleule.