Dirisha la Buruburu halina kaskazini

Vitabu vya uchoraji vya Ulaya humshauri mchoraji aelekeze dirisha la studio kaskazini. Huko jua halilipigi sehemu kubwa ya mwaka, kwa hiyo mwanga hutulia na vivuli vya vitu mezani havihamihami. Nairobi iko nyuzi 1.3 hivi kusini mwa ikweta. Juni, jua la saa sita mchana liko upande wa kaskazini. Desemba limeshahamia kusini. Ukianza picha ya dirisha mwezi mmoja na kuirudia miezi sita baadaye, glasi ni ileile ila mwanga si ule.

Eastlands nako, upande wa mashariki wa jiji, studio nyingi hazikujengwa ziwe studio. Mojawapo, Brush Tu, iliyoanzishwa mwaka 2013 na Boniface Maina, Michael Musyoka na David Thuku, iliweka makao katika nyumba ya kuishi Buruburu, mtaa ulioanza kujengwa miaka ya 1970. Dirisha la nyumba za huko lina grili, na nje yake kuna ukuta wa jirani, kamba ya nguo, paa la vigae vyekundu.

Grili ndiyo huwashinda wengi. Anayejifunza huipaka rangi moja na unene mmoja, juu hadi chini. Hebu itazame: mbele ya anga, chuma huonekana chembamba kwa sababu mwanga umekula kingo zake, kikishuka mbele ya ukuta hurudia unene wake, na hata kutu yake huonekana. Mimi ningepaka vyuma kwanza, kisha anga, brashi ikiingia kidogo juu ya kingo. Nyeusi ya chupani iache. Kahawia nzito na buluu hutoa giza lenye uhai zaidi.

Halafu kuna vitu vya dirishani: kopo la mafuta ya Kimbo lililojaa brashi, glasi ya maji. Shuka iliyoanikwa nje ukiipa weupe wote ulio nao, kopo lazima liingie gizani. Wachoraji hulionea huruma, wakaandika lebo herufi kwa herufi, na ukweli wa mwanga ukapotea. Linachostahili ni mstari mwekundu hafifu upande wa nje, jua linapopiga vigae na kurudi dirishani. Vermeer, mchoraji Mholanzi, naye alijua kuacha: uchunguzi uliotangazwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika picha yake ya mjakazi anayemimina maziwa, alifunika kwa rangi rafu ya kutundikia majagi aliyokuwa ameshaianza.

Kwa mchoraji wa Buruburu, mwanga tulivu huja na msimu. Julai, mawingu ya baridi yanapofunika jiji, vivuli hulegea na dirisha lolote hufaa. Wekundu wa vigae hufifia pia, kwa hiyo uupate mapema, Februari, jua likiwa kali. Na kwa kuwa akriliki hukolea ikikauka, uchanganye uwe mwangavu kuliko unavyouona.