Fungu la Mzaliwa wa Kwanza

Yako maneno ya Biblia ambayo hayasomwi sana kanisani, lakini matanga yaishapo husomwa kwa sauti kuu. Mojawapo ni haki ya mzaliwa wa kwanza.

Mimi nalilisikia Mazimbu. Hapo zamani palikuwa shamba la mkonge. Tangu 1978 hata 1992 palikuwa shule ya wakimbizi wa Afrika Kusini. Na leo ni mahali pa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Kwa hiyo watu wa makabila mengi wamechanganyika huko: Waluguru, ambao ukoo wao hufuata mama, na wengine ambao ukoo wao hufuata baba. Basi mtu mmoja, ambaye mama yake ni Mluguru na baba yake mgeni, alifiwa na baba. Akasimama mbele ya wazee, Biblia mkononi, akasema, “Mimi ndimi niliyezaliwa kwanza. Vyote ni vyangu, nyumba na mbuzi, na shamba la mlimani pia.” Shamba lile mama yake alipewa na ukoo wake, na dada yake ndiye aliyekuwa akililima. Wazee wakanyamaza, wakiogopa kubishana na Maandiko.

Siandiki ili nimhukumu mtu yule, bali niuhukumu usomaji wake. Maana hakushika Maandiko, alishika kipande.

Kwanza, tulipime fungu lenyewe. Sheria imo katika Kumbukumbu la Torati 21:15–17, nayo yampa mzaliwa wa kwanza mafungu mawili, haimpi yote. Baba mwenye wana wanne akiacha mbuzi kumi, mbuzi hugawanywa mafungu matano. Mkubwa hutwaa wanne, na kila mdogo hutwaa wawili. Neno la Kiebrania lililo hapo ndilo lililo katika 2 Wafalme 2:9, Elisha anapoomba fungu la roho ya Eliya. Wengi hudhani aliomba kumzidi bwana wake mara mbili. Sivyo, aliomba fungu la mwana mkubwa kati ya wana wa manabii.

Pili, mali inayogawanywa ni ya nani? Sheria yasema juu ya vitu alivyo navyo baba. Shamba la ukoo wa mama halikuwa mali ya baba alipokuwa hai. Litakuwaje mali yake akiwa kaburini? Musa hakugawanya kisicho cha marehemu.

Tatu, tutazame sababu ya sheria. Yasimulia mtu mwenye wake wawili, mmoja apendwa, mmoja achukiwa. Naye mwana wa kwanza ni wa yule achukiwaye. Baba akataka kumtanguliza mwana wa mpendwa. Sheria yamkataza. Basi ilitolewa ili kumzuia mwenye nguvu asimdhulumu mnyonge. Mtu aichukuaye ili amwondoe dada yake shambani ameushika upanga huo kwa makali.

Walimu wengine hufundisha ya kuwa fungu la pili lilikuwa la kumtunza mama na dada zake. Fundisho hilo ni jema, lakini sheria yenyewe haisemi hivyo, nasi tusitie maneno kinywani mwa Musa. Yaliyoandikwa yatosha.

Tena yafaa tujue ya kuwa Biblia humhesabu mzaliwa wa kwanza kwa njia mbili. Katika Kutoka 13:2 yeye afunguaye tumbo la mama ni wa Bwana. Hapo huhesabiwa kwa mama. Katika urithi huhesabiwa kwa baba. Kwa hiyo Reubeni alikuwa wa kwanza wa Yakobo, na Yusufu wa kwanza wa Raheli. Hayo hayamfanyi Musa kuwa Mluguru; lakini yatufundisha kuuliza, wa kwanza kwa nani, na kwa jambo gani?

Huyo Reubeni naye aliipoteza haki yake kwa kukinajisi kitanda cha babaye. Twasoma katika 1 Mambo ya Nyakati 5:1–2 ya kuwa haki ile walipewa wana wa Yusufu, nao wakawa kabila mbili, Efraimu na Manase. Lakini utawala ulitoka kwa Yuda. Basi mali ni neno moja, na ukubwa wa nyumba ni neno jingine.

Esau naye hulilia mambo mawili. Katika Kiebrania haki ya kuzaliwa kwanza ni bekora, na mbaraka ni beraka, ndugu wa neno letu baraka. Masikioni mwa Waebrania maneno hayo yakaribiana sana. Kwetu mlio huo umepotea, nasi twachanganya mambo yenyewe. Bekora aliiuza mwenyewe kwa chakula cha dengu. Beraka alinyang’anywa kwa hila.

Wazee wangu, msinyamaze tena. Mtu akija na Biblia mezani pa urithi, mwambieni asome sura nzima, kisha mmwulize: Mali hii ilikuwa ya nani? Mafungu ni mangapi? Ni nani atakayelala njaa? Hata Bwana Yesu, mtu alipomwomba amwamuru nduguye agawe urithi naye, alikataa kuwa mgawanyaji, akawaonya wajilinde na choyo (Luka 12:13–15). Onyo hilo latupasa sote, wakubwa na wadogo.