Jina na Kitu: Matini ya Elisabethville katika Faharasa ya Kompyuta

Mwaka 1965, katika mji uliokuwa bado ukiitwa Elisabethville, André Yav aliandaa kwa niaba ya chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani matini iliyopigwa taipu yenye anwani Vocabulaire de Ville de Elisabethville. Anwani ni ya Kifaransa na inaahidi msamiati. Ndani mna historia: habari za mji na za kazi ya uboi, zimesimuliwa kwa Kiswahili cha Katanga na walioipitia. Msomaji hulitambua hilo upesi. Mashine ya kutafutia hailitambui, kwa kuwa hukiweka kila kitu mahali ilipoagizwa, na jina hapa linaagiza kamusi.

Matini moja haihitaji mashine nyingi. Lakini zikiongezwa tamthilia za kundi la Mufwankolo, mazungumzo ya mchoraji Tshibumba Kanda Matulu na mengineyo ya Lubumbashi, pamoja na picha na sauti, faharasa yaweza kugawanywa vipande katika seva kadhaa, na kila kipande kuwa na nakala kwenye seva nyingine ili moja ikizimika kazi isikome. Sehemu zote hizo sharti zipewe majina, na kazi hiyo kwa kawaida huachiwa fundi. Katika programu ya Elasticsearch, kabla ya toleo la 5 la mwaka 2016, mashine isiyopewa jina ilijibandika jina la shujaa wa vitabu vya katuni vya Marvel, na ikiwashwa upya ikachukua jingine. Kichekesho hicho kilikuwa na gharama: aliyesoma taarifa ya hitilafu ya jana hakujua ni mashine ipi ya leo.

Kosa la upande wa pili ni jina lililobeba mengi mno. Aliyeviita vipande vyake kwa majimbo angeandika Katanga. Mwaka 1971 ikawa Shaba, mwaka 1997 ikarudishiwa jina lake, na mwaka 2015 ikagawanywa kuwa majimbo manne, Haut-Katanga likiwa mojawapo. Mji nao ulibadilishwa jina mwaka 1966. Hata leo "Lubumbashi" ni mto, ni jiji, tena ni komuni moja ndani ya jiji hilo; uga wa mahali usiotofautisha hayo matatu hauna faida kwa mtafiti. Afadhali faharasa iwe na namba isiyobadilika, na majina yote, ya zamani na mapya, yawe lakabu zinazoielekea.

Ugumu mkubwa zaidi umo katika lugha yenyewe. Mtafiti wa Dar es Salaam ataandika "watu", ilhali Lubumbashi husemwa "batu". Ataandika "vitabu", nako ni "bitabu". Wako watakaopendekeza kanuni moja ya kugeuza kila ba- ya mwanzo kuwa wa- na kila bi- kuwa vi- kabla ya kuhifadhi. Kanuni hiyo itazaa "waba" kutokana na baba, na "viashara" kutokana na biashara. Tena, aliyeandika "batu" hakukosea. Visawe viwekwe upande wa swali, matini iachwe ilivyo.

Mfano mzuri upo tayari. Johannes Fabian, alipoichapisha matini hii mwaka 1990 akisaidiwa na Kalundi Mango, alikabili maandishi ambayo mipaka ya maneno yake haifuati mazoea ya vitabu. Kalundi Mango akayasoma kwa sauti, na usomaji huo ukawa msingi wa unukuzi wa pili. Faharasa nayo yahitaji nyuga mbili, zote zitafutwe, na jibu lioneshe limetoka katika uga upi. Wa kwanza uitwe "maandishi", wa pili "usomaji". Kuuita wa kwanza "ghafi" na wa pili "safi", kama mafundi wapendavyo, ni kumhukumu Yav kabla hajasomwa.