Mpira Usiokopesha

Kabla mkato haujakufikia, unausikia. Mpira uliopigwa kwa nguvu hulia kama mlango uliobamizwa. Mpira uliokatwa una sauti nyingine kabisa: sauti ya randa ikipita juu ya ubao wa mninga, fupi na safi. Kisha mpira unakuja, polepole, umenyooka, unaonekana wazi hadi nembo yake karibu isomeke, na moyoni unajisemea kwamba huu sasa ni wa kumalizia. Unatua. Hauinuki. Unateleza chini ya raketi yako kama sabuni kwenye sakafu iliyolowa, nawe unabaki umepiga hewa.

Nimecheza tenisi dhidi ya mkato huo kwa misimu kadhaa sasa, hapa Tunduma, juu ya sakafu ya saruji ya ghala lililobomolewa. Mistari tunaichora kwa chokaa. Wavu wetu ni wa kuvulia samaki, ulitoka Ziwa Rukwa, na kila tunapoufunga, mzee ninayecheza naye hutoa futi kamba mfukoni akapima katikati: sentimita 91, isipungue wala isizidi, maana ndiyo kanuni. Yeye ni fundi seremala. Ujanani aliishi Dar es Salaam, akiokota mipira katika klabu moja, na mchezo aliujifunza kwa kuwatazama watu wakicheza na raketi za mbao. Umri wake umeshapita sabini. Hakimbii, hapigi kwa nguvu. Kila mpira, uje kulia uje kushoto, anaukata.

Naandika kumsifu yeye na wa aina yake popote walipo, kwa sababu wengi huwanung'unikia. Husema ni wasumbufu, wanaharibu mchezo, hawana mpira wa kuonyesha. Hata mimi niliwahi kusema hivyo. Leo naamini kwamba hakuna mpinzani anayekufundisha zaidi ya huyo.

Utazame mkono wake kwa karibu. Raketi ameishika kama ashikavyo nyundo, wala habadilishi mshiko kwa mpira wowote. Anaianzia juu, usawa wa bega, uso wake umefunguka kidogo kuelekea angani. Halafu raketi inashuka huku ikienda mbele. Haiupasui mpira kama shoka lipasuavyo gogo. Inaukwangua mgongo, ikimaliza safari yake mbali mbele ya mwili, mkono umenyooka, bega limetulia. Mpira unaondoka ukizunguka kinyume: upande wa chini unakwenda mbele, upande wa juu unarudi nyuma. Mzunguko huo huifanya hewa iubebe mpira, ndiyo maana hauanguki upesi na njia yake huwa ndefu na bapa. Ukifika chini umelala mno kiasi kwamba saruji haiupi nafasi ya kuruka. Siku za Juni na Julai, baridi ya nyanda hizi inapokaza, mpira wenyewe hupoteza uchangamfu, na mkato wake unapita chini zaidi.

Kwa muda mrefu sikuelewa kwa nini nashindwa. Dhidi ya vijana wenzangu wapigao kwa nguvu nilikuwa najiweza. Nilikuwa naweka raketi mahali pake, nageuza bega, na mpira unarudi kwa kasi ileile uliyojia nayo. Niliihesabu kasi hiyo kuwa yangu. Kumbe haikuwa yangu. Mpinzani anayepiga kwa nguvu anakukopesha: anakuletea mbio, anakuletea mdundo wa juu, kazi yako ni kuelekeza tu. Anayekata anakunyima mkopo. Mpira wake unafika mkavu, hauna mbio, hauna kimo. Ukitaka uende, uupeleke wewe.

Tunduma tunaijua hesabu hiyo bila kufundishwa. Huu ni mji wa mpakani. Ng'ambo ni Nakonde, Zambia, na malori yenye mizigo ya bandari ya Dar es Salaam yanapita hapa kwenda Zambia na Kongo. Mfanyabiashara wa hapa hutofautisha haraka duka linaloendeshwa kwa mtaji wa mwenyewe na lile lililojaa mali za watu. Siku ya neema yote mawili hung'aa. Siku mwenye mali anapokuja kuchukua chake, ndipo moja linabaki na rafu tupu. Wahenga walikwisha kusema kwamba cha kuazima hakisitiri maungo. Mkato ndio siku hiyo ya kudaiwa. Unakuvua nguvu zote za kuazima, ukabaki na zile ulizo nazo kweli.

Ushahidi mkubwa kuliko wote ulitolewa Wimbledon, tarehe 5 Julai 1975. Jimmy Connors, kijana wa miaka 22, bingwa mtetezi na namba moja wa dunia, alifika fainali bila kupoteza hata seti moja. Aliishi kwa kasi ya wapinzani wake: kadiri ulivyompiga kwa nguvu, ndivyo alivyokurudishia vizuri zaidi. Upande wa pili alisimama Arthur Ashe, aliyebakiza siku tano tu kutimiza miaka 32. Ashe alikuwa na mkono mzito, na kila mtu alitarajia autumie. Siku hiyo aliuweka kando. Alikata mipira, akaipeleka laini na ya chini kwenye mkono wa mbele wa Connors, akaivusha mingine juu ya kichwa chake, akaanzisha kwa mkato uliomtoa nje ya kiwanja. Connors alipiga mingine ikaishia wavuni, mingine ikatoka nje, kwa kuwa hakuletewa kitu cha kurudisha. Ashe alishinda 6–1, 6–1, 5–7, 6–4, akawa mwanamume wa kwanza mweusi kutwaa taji la Wimbledon. Huyu ndiye Ashe ambaye mwaka 1970 alizuru nchi kadhaa za Afrika, Tanzania na Zambia zikiwemo, mwaka uleule ujenzi wa TAZARA ulipoanza kuziunganisha nchi hizo mbili kwa reli inayopita hapa Tunduma. Kila nikiikumbuka fainali ile naiona kama fainali ya kwetu pia.

Basi mkato unajibiwaje? Hapa ndipo ufundi wenyewe ulipo, na unaanzia miguuni. Mpira wa chini haufuatwi kwa kuinamisha mgongo. Ukiinama, kichwa kinaanguka, macho yanapoteza usawa, raketi inachota mchanga. Unashuka kwa magoti, mgongo umesimama, kama mtu anayejitwisha ndoo ya maji. Hatua ziwe nyingi na fupi, kwa sababu mpira huu huja taratibu lakini hubadilika mwishoni. Aliyesimama mapema akiusubiri hujikuta uko mbele ya vidole vyake. Raketi ianzie chini ya mpira, kisha ipande. Mpira mkavu hupelekwa kwa kuinuliwa, si kwa kubamizwa. Na mkono usiharakishwe: anayejaribu kufidia kwa hasira ile kasi asiyoletewa ndiye anayepiga nje.

Kisha ujue kwamba mikato haifanani. Upo unaoteleza, uliopigwa ukiwa umelala, nao unadai ushuke. Upo unaoelea, uliopigwa juu na bila uzito, nao ukitua husimama kidogo kana kwamba unakungoja. Huo ndio wa kushambulia. Kuitofautisha lazima usome raketi ya mwenzako kabla mpira haujavuka wavu. Mkataji hapendi mipira ya juu: umpelekee mpira mrefu umfikie usawa wa bega, na mkato wake utapoteza makali. Ukiona ameukata akiwa amekimbizwa, kimbilia wavuni, maana mpira unaoelea ni rahisi kuudaka hewani. Na mara nyingine jibu bora la mkato ni mkato, kukubali kuongea lugha yake kwa subira mpaka mmoja wenu akosee.

Huku kwetu kuna jambo moja zaidi. Kanuni za tenisi zimeweka mipira maalumu kwa viwanja vilivyo juu ya mita 1,219 kutoka usawa wa bahari, na Tunduma imekipita kimo hicho. Hewa yetu ni nyepesi. Mzunguko wa kwenda mbele, ule unaotokana na raketi inayopanda, ambao pwani huushusha mpira ndani ya mstari, hapa haupati hewa ya kutosha ya kuusukuma chini, na mpira unaruka mbali kuliko ulivyokusudia. Kwa hiyo anayejibu mkato kwa nguvu hapa huadhibiwa mara mbili. Mzee wangu hajawahi kunieleza habari ya hewa. Alisema tu, siku nilipotoa nje mipira minne mfululizo: "Mwanangu, ubao haukusaidii kupiga randa. Mkono wako ndio wenye kazi."

Watu hudhani mkato ni mabaki ya zama za raketi za mbao. Ni kweli ulistawi zama hizo: Ken Rosewall, ambaye bekihendi yake ilikuwa ya kukata, alitwaa taji la Australian Open mwaka 1972 akiwa na miaka 37. Lakini mwaka 2021 Ashleigh Barty alishinda Wimbledon, na mwaka 2022 akashinda nyumbani kwao Australia, na mkato wa bekihendi yake ulikuwa miongoni mwa silaha zilizowasumbua zaidi wapinzani wake. Raketi zimebadilika. Uchungu wa kuletewa mpira usio na kitu ni uleule.

Ninachokipenda zaidi katika mchezo wa yule mzee ni adabu yake. Hatumii mwili kuliko unavyoweza kutoa. Hajifanyi kijana. Anachukua kidogo alichonacho, anakinoa, anakitumia chote, na kwa hicho kidogo ananilazimisha mimi, mwenye miguu mizima na mapafu mazuri, kuwa mchezaji kamili.

Jioni moja, jua likizama upande wa Zambia na baridi ikianza kupanda kutoka kwenye saruji, aliukata mpira kwenye kona yangu ya kushoto, chini, mrefu. Nilishuka kwa magoti. Niliungoja. Niliuinua bila haraka, ukapita juu ya ule wavu wa Rukwa kwa upana wa kiganja, ukatua ndani ya mstari nyuma yake. Hakuujaribu. Aliutazama ukibingirika hadi ukutani, akageuka.

"Huo," akasema, "ni wako."

Akauendea, akaupangusa vumbi kwenye suruali, akarudi mahali pake. Uliofuata aliukata chini zaidi.